Siku ya Uhamisho, Mbwa Je?

Katika jamaa za askari yapo mambo matatu yasiyokoma kuzungumzwa: mshahara, ada za shule na uhamisho. Leo napenda kuongeza la nne, ambalo pengine litawachekesha baadhi yenu, nalo ni mbwa. Sisemi mbwa wa kikosi, yule aliyefundishwa kufuata nyayo za mwizi na ambaye mlezi wake huvaa sare. Huyo ana posho yake, daktari wake na kumbukumbu zake ofisini. Nasema mbwa wa nyumbani, huyu alalaye nje ya mlango wa jikoni, alaye makombo yetu, na ambaye siku tufungapo mizigo jina lake halimo katika orodha ya vitu wala ya watu.

Sisi tukaao Kansanga twawaona mbwa wa namna hiyo kila uchao. Kitongoji chetu kipo kwenye barabara ya Gaba, kati ya Kabalagala na Bunga, chini ya kilima cha Muyenga. Mchana barabara imejaa bodaboda, wanafunzi wa chuo kikuu na wachuuzi wa samaki watokao mwaloni Gaba. Usiku ukipevuka, vibanda vya nyama choma na chipsi vikifungwa, barabara huwa mali ya mbwa. Hutoka makundi kwa makundi, wakapekua majalala, wakapigana, wakabweka hadi alfajiri. Watu huwaita mbwa koko, kana kwamba hilo ni jina la kabila lao.

Lakini ukimtazama mmoja mmoja kwa makini utaona mengine. Huyu shingoni ana alama ya mkanda uliokatika. Yule ukimwambia "kaa" anakaa. Mwingine, kila jioni, huenda kulala mbele ya lango moja ambalo wenyewe walikwisha kuhama. Mbwa hawa walikuwa na nyumba. Aliyewaacha ni mpangaji aliyeshindwa kodi, au mwanafunzi aliyemaliza masomo, au mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi, na, tusifichane, yumo pia askari aliyepewa barua ya kwenda kituo kingine. Wako kweli waliozaliwa mtaroni, wasiopata kuwa na mwenyewe hata siku moja. Ila ukiifuatilia nasaba yao, hatimaye utafika kwenye lango la mtu.

Nayasema haya kwa sababu tangu mwaka 2021 nyumbani kwetu tunaye mmoja wao.

Mwaka huo mume wangu alikuwa Somalia pamoja na majeshi ya Uganda katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, ambako wanajeshi wetu walianza kwenda mwaka 2007. Mimi nilibaki na watoto watatu katika nyumba ya kupanga, yenye ukuta mfupi wa matofali na lango la mabati. Katika mwezi mmoja wezi waliuruka ukuta ule mara mbili. Mara ya kwanza walianua nguo kambani. Mara ya pili walichukua mtungi wa gesi na sufuria mbili, moja ikiwa bado na maharage ya kesho yake.

Shemeji yangu, ambaye naye ni askari, alikuja, akaukagua ukuta kama mtu akaguaye handaki, akasema: "Shemeji, hapa dawa ni mbwa. Tafuta mtoto wa mbwa wa kizungu, awe mkali. Mfunge mnyororo mchana kutwa, usimzoeze watu, umtie pilipili kidogo katika chakula. Utaona."

Nilimshukuru kwa nia yake njema, kisha nikakaa kufikiri. Kitinda mimba wetu wakati ule alikuwa na umri wa miaka sita. Mnyama anayefungwa mchana kutwa na kuunguzwa tumbo kwa pilipili hawi shujaa. Huwa mwoga mwenye hasira, na mwoga mwenye meno humwuma aliye karibu, si aliye mbali. Katika nyumba yetu aliye karibu ni mtoto. Mwizi huja mara mbili kwa mwezi, mtoto yupo siku zote.

Mama mmoja rafiki yangu, mke wa polisi wa Nsambya, ndiye aliyenieleza habari za watu wanaookoa wanyama. Hapa Kampala kuna chama kiitwacho Uganda Society for the Protection and Care of Animals, kwa kifupi USPCA, chenye makao ya mbwa na paka walioachwa, walioumizwa au kuteswa. Wenzetu wa Nairobi nao wana chama cha namna hiyo, KSPCA. Kazi yao si kuuza wanyama. Humtibu mnyama, humchanja, humfunga kizazi, kisha humtafutia watu wa kumchukua kwa moyo mwema na mchango wa kusaidia gharama.

Nilipokwenda hawakuanza na habari ya fedha. Walianza na maswali. Je, una ua? Lango hufungwa? Mwenye nyumba ameridhia? Watoto wana umri gani? Ukiwa safarini nani atamlisha? Yule kijana mwenye daftari alipofika kwenye kazi ya mume wangu, aliinua uso akasema kwa adabu: "Mama, wanajeshi huhamishwa. Mtakapohamishwa, mbwa je?"

Swali hilo lilinikaa moyoni. Kwa miaka ya ndoa yetu nimeulizwa mengi kuhusu uhamisho. Nimeulizwa habari za shule ya watoto, za kuku, za muhogo uliobaki shambani, hata za kabati lisilopita mlangoni. Hakuna aliyepata kuniuliza habari za mnyama. Nikamjibu kwamba waendako watoto ndiko atakakokwenda naye. Na ikiwa jambo hilo halitawezekana kabisa, tutamrudisha pale pale kwa mikono yetu, wala hatutamwachia lango wazi. Akaliandika jibu langu, nami nikatia sahihi chini yake.

Katika mabanda palikuwa na watoto wa mbwa wanene kama vitumbua, na wanangu wawili wakubwa walikwisha kuwachagulia majina. Mlezi wa pale akatupa shauri lililotufaa sana. Alisema mtoto wa mbwa ni fumbo: hujui atakuwa na tabia gani, atatafuna viatu, atahitaji kulishwa mara nyingi kwa siku na kuchanjwa zaidi ya mara moja. Mbwa mtu mzima amekwisha kujieleza. Ukikaa naye saa moja utamjua kama aogopa kishindo, kama apatana na watoto, kama amtamani kuku.

Akatuonyesha jike wa rangi ya kahawia, wa miaka mitatu hivi kwa ushahidi wa meno yake, miguu mirefu, sikio la kushoto limechanika. Alikuwa ameokotwa kando ya barabara baada ya kugongwa na pikipiki. Tulipomkaribia hakutukimbilia wala hakutukimbia. Alisimama, akanusa hewa, akaketi. Binti yangu akasema, "Mama, huyu ana akili ya zamu." Ndiye tuliyemchukua, pamoja na kadi yake ya chanjo.

Majirani walicheka sana. Mke wa mwanajeshi amekwenda kutoa fedha yake kwa ajili ya mbwa koko, ilhali wa bure wamejaa barabarani! Shemeji naye alitikisa kichwa, akasema ameona mengi. Kwa kuwa wazee wetu walizoea kumpa mbwa jina la kuwafikishia watu ujumbe, sisi tukamwita Tuone.

Yafaa ieleweke kwamba mbwa aliyepitia taabu hazoei nyumba kwa siku moja. Waokoaji wa wanyama wana hesabu yao nyepesi, nayo kwetu ilikuwa kweli: siku tatu za hofu, majuma matatu ya kujifunza, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Siku tatu za kwanza Tuone alilala nyuma ya pipa la maji, akila usiku tu. Katika majuma matatu alikwisha kujua saa ya chakula, mlango asioruhusiwa kuupita, na sauti ya kila mmoja wetu. Miezi mitatu ilipotimia alimbwekea msoma mita ya maji kana kwamba kodi ya nyumba anailipa yeye.

Shida ilikuwa kitinda mimba. Mtoto huyu aliwahi kufukuzwa na mbwa karibu na soko, na tangu hapo hata mbwa akibweka katika redio yeye hupanda juu ya kiti. Hatukumlazimisha. Tuliweka amri chache, tukazisema kila asubuhi mpaka zikawa kama wimbo wa shule. Usimkimbie mbwa, kwa maana kwake akimbiaye ni mchezo au ni windo. Usimkodolee macho. Usimguse anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Mwache akujie mwenyewe akunuse, kisha umguse shingo au ubavu, si utosi. Mbwa akibana mkia katikati ya miguu, akilaza masikio, au akikauka kama gogo, anasema "niache", nawe umwache. Baada ya miezi miwili mtoto alikuwa akimpelekea maji. Baada ya minne alikuwa akimsomea kitabu cha darasa la kwanza, na Tuone hakupata kumsahihisha hata mara moja.

Akina mama wengi huniuliza, "Na matumizi?" Nawajibu bila kuficha: mbwa si bure. Wetu hula posho iliyopikwa pamoja na mukene, yaani dagaa wetu wa ziwani, au matumbo ya ng'ombe. Posho peke yake haitoshi, maana mbwa huhitaji protini. Mifupa ya kuku iliyopikwa simpi, kwa kuwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumtoboa utumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Maji safi lazima yawepo mchana na usiku. Dawa ya minyoo hupewa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na kupe hutafutwa kila juma, masikioni na katikati ya vidole. Wako watu wampakao mbwa mwenye upele mafuta machafu ya gari. Tafadhalini msifanye hivyo. Mafuta hayo humwunguza ngozi, naye akijilamba humeza sumu.

Juu ya kufunga kizazi, wako wasemao ni ukatili. Nawaomba wapige hesabu. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na aghalabu hupata joto mara mbili kwa mwaka. Akizaa watoto sita kwa mkupuo, wawili watapata wenyewe, na wanne watapelekwa usiku katika gunia hadi kwenye jalala. Upi ukatili?

Sasa niseme neno zito zaidi, maana hili lahusu uhai wa watoto wetu. Kichaa cha mbwa bado chaua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba katika kila watu 10 wanaokufa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote, yaani 99 katika kila 100, huupata kutoka kwa mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, kupona ni jambo la nadra mno. Lakini kabla ya dalili kinga ipo, na ipo tangu siku nyingi: tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur alimpa chanjo kijana wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na kijana akaishi. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hiyo ndiyo iliyofanywa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Basi mtoto akiumwa au akiparuzwa na mbwa, wa mtaani au wa jirani, msimfiche kwa kuogopa ugomvi. Oshani kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Msikitie unga, jivu wala majani. Kisha mpelekeni hospitali siku ile ile apate chanjo, na amalize sindano zote alizoandikiwa, hata kidonda kikipona. Na kwa upande wa mbwa, wataalamu wanasema wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Maana yake chanjo ya mbwa wako ni kinga ya mtoto wa jirani yako. Kadi ya Tuone imetundikwa ukutani karibu na kadi za kliniki za watoto, na kila mwaka inapigwa mhuri.

Jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta ni bibi wa Kinubi, mjane wa askari wa zamani, mcha Mungu. Nilikwenda kumwomba radhi mapema, kwa kuwa najua Waislamu wa madhehebu ya Shafii huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Alinikaribisha mkekani, akanipa chai, akasema: "Mwanangu, wahenga walisema mchezea mbwa humfuata msikitini. Asiingie kwangu ninaposali, wala asiguse vyombo vyangu. Lakini mbwa wa kulinda haukukatazwa, na katika hadithi za Mtume yumo aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu." Tangu siku ile, jua likiwa kali na sisi tusipokuwapo, yeye huliinua kopo kwa mti mrefu na kulimimina maji katika bakuli la Tuone kupitia juu ya ukuta, bila kumgusa. Nimejifunza kwake kwamba mtu aweza kushika mipaka ya dini yake na huruma yake vyote pamoja.

Na mwizi? Alikuja. Mwezi wa tano tangu tumpate Tuone, usiku wa mvua, alibweka kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia, nzito na ya haraka. Niliwasha taa za nje. Mguu wa mtu ulikuwa umekwisha kuvuka ukuta. Ukarudi ulikotoka, ndara moja ikabaki upande wetu. Asubuhi shemeji aliigeuza-geuza ndara ile kama kielelezo cha mahakamani, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mlimpa pilipili kiasi gani?" Nikamwambia hajapata kuonja. Alilinda kwa sababu pale ndipo kwake.

Mwezi wa nne wa mwaka 2022, wakati AMISOM ilipomaliza muda wake na ATMIS kushika nafasi yake, mume wangu alirudi. Kama ilivyo desturi yake hakutangaza siku. Aliingia jua likizama, begi begani, akamkuta mbele yake mlinzi asiyemjua. Tuone hakumrukia. Alisimama tu katikati ya njia, nywele za mgongo zimesimama, wala hasogei. Mume wangu, aliyevuka vizuizi vingi katika maisha yake, akasimama naye. Akaita, "Mama, ni nani huyu aliyewekwa zamu hapa?"

Aliyetoka kwanza ni kitinda mimba. Alimshika Tuone mkanda wa shingoni, akamwambia babaye kwa sauti ya amri: "Baba, usimkodolee macho. Simama, mwache akunuse." Mume wangu alitii. Nami nilisimama mlangoni nikitazama mtoto aliyekuwa akipanda viti akimwongoza mwanajeshi kuingia nyumbani kwake mwenyewe.

Wake wa askari wenzangu wanajua kwamba mtu aweza kurudi mwili kabla moyo haujafika. Mume wangu hakuwa na jeraha la kuonekana. Ila usiku alikuwa akiamka, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka kukikucha. Nikimwuliza, husema ni joto. Watoto wakiangusha sufuria, hushtuka, kisha hukaa kimya siku nzima. Ni Tuone aliyeanza kukaa naye pale kwenye ngazi. Hakuitwa. Alikuja, akalala hatua mbili mbali naye, na baada ya majuma machache akawa analaza kidevu juu ya kiatu chake. Mwanamume yule, aliyenijibu kwa neno moja moja, nilianza kumsikia akizungumza nje saa tisa za usiku, kwa Kiswahili cha jeshi, akimfundisha mbwa: kaa, njoo, acha, vema. Hata leo watoto humwita kwa Kiluganda katika michezo, lakini linapokuwa jambo la kazi Tuone hutii Kiswahili.

Mbwa si daktari, na sipendi mtu asome maneno yangu akaacha kwenda hospitali. Mume wangu alikwenda kuonana na wataalamu, naye alifanya vema. Asiyelala usiku baada ya vita hana aibu kuliko mwenye malaria. Lakini hili la mbwa kumsaidia mtu aliyejeruhiwa moyo halikuanzia kwetu. Gulu, katika nchi ya Waacholi iliyoteswa takriban miaka 20 na vita vya LRA, kuna mpango uitwao The Comfort Dog Project, chini ya shirika la The BIG Fix Uganda. Aliyeuanzisha ni Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho kwa mlipuko alipokuwa na umri wa miaka 12. Alipokuwa shule ya bweni, mbwa ndio waliokuwa wakimsindikiza usiku kwenda chooni, bila kumchoka. Katika mpango wake, mtu aliyeumizwa na vita hukutanishwa na mbwa aliyeokolewa, wakafundishwa pamoja, na mtu yule akaahidi kumtunza mwenzake. Mbwa aliyetupwa na binadamu aliyechoshwa na vita wakapeana kazi ya kufanya kila asubuhi: kuamka, kulishana, kutembea.

Sasa nifike kwenye lile swali la daftari. Mwezi uliopita barua imekuja: Mbarara. Mwendo ni kilomita zipatazo 270 kutoka Kampala. Mume wangu alikaa mezani kuandika orodha ya mizigo kama afanyavyo siku zote, mstari kwa mstari kama mtunza ghala: vitanda vinne, meza moja, viti sita, baiskeli moja. Nilimtazama bila kusema neno. Alipofika mstari wa tisa akaandika: "Mbwa mmoja, jike, amechanjwa."

Jambo halikuwa jepesi. Nyumba tuliyotajiwa kwanza iko ndani ya safu ambayo haina ua, na mbwa hawaruhusiwi. Iliyo na ua ni ya kupanga, iko mbali zaidi na shule, na kodi yake imezidi. Tulikaa na watoto tukaipima. Binti yangu atakwenda mguu dakika 40 kila asubuhi; yeye ndiye aliyesema atakwenda. Sisi wazazi tutaacha kununua televisheni mpya tuliyokuwa tumeiwekea akiba. Tumeichukua nyumba yenye ua. Tuone atasafiri nyuma ya lori pamoja na mume wangu, kamba mkononi, bakuli la maji pembeni, kadi ya chanjo mfukoni.

Sisemi kila jamaa inaweza kufanya hivi. Iko amri ya ghafla, yako makambi yasiyoruhusu wanyama, uko ufukara usiobishana. Lakini kati ya kuhama na mbwa na kumtupa zipo njia nyingine. Barua ikifika, siku ile ile uliza mahali uendako kama mbwa hukubaliwa; usingoje lori liwe mlangoni. Ikiwa haiwezekani, mtafutie mtu wa kumchukua mapema, umpe na kadi yake, aje amlishe mara mbili tatu mbele yako ili wazoeane. Ukimkosa mtu, zungumza na chama cha kuokoa wanyama ungali na muda, kwa maana mabanda yao hujaa. Na ikiwa unajua kabisa kwamba maisha yako hayana nafasi, basi usichukue mbwa sasa. Hilo nalo ni jambo la heshima.

Askari hufundishwa kuhesabu watu wake kabla ya kuondoka, na tena baada ya kufika. Wahenga nao wamesema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, maana mnyama huchukua tabia ya mwenyewe. Tunaposema mitaa yetu imejaa mbwa wasioaminika, yafaa tukumbuke walijifunza kwa nani kutoaminiana. Kwa hiyo, ndugu yangu, barua yako itakapokuja, hesabu watoto, hesabu vitanda, hesabu sufuria; kisha toka nje, utazame nyuma ya jikoni, uhesabu na huyo.